Mwongozo kamili wa kula lanchi kwenye deli ya kosher New York (ili usiaibike kama mimi na shangazi)

Kosher, yaani chakula kinachoruhusiwa na sheria za dini ya Kiyahudi, inatamkwa karibu sawa na "kosha", na shangazi yangu aliposikia mara ya kwanza akauliza "wanakosha nini?", nikacheka sana, kumbe hakukosea mbali. Nyama ya kosher kweli inakoshwa: inalowekwa kwenye maji nusu saa, inapakwa chumvi na kuachwa saa nzima ichuruzike damu, halafu inasuuzwa ndio iruhusiwe kupikwa. Shangazi alitoka Tanga kuja kunitembelea, mchana mmoja nikamtoa out kwenye deli Manhattan, na robo tatu ya haya ninayoandika nimeyajua kwa makosa ya siku ile. Siku hizi naenda mwenyewe hata mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo kama uko huku au unakuja kumtembelea mtu, soma mpaka mwisho ndio utoke nyumbani.

Deli ni mgahawa wa kawaida tu, sio sehemu ya kuvaa suti. Kuna kaunta ya vioo, nyuma yake nyama zinafuka mvuke, pembeni meza zimebanana na wahudumu wengine wamezeeka humo humo ndani. Chakula chenyewe kililetwa na Wayahudi wa Ulaya Mashariki, Romania, Poland, Ukraine, Urusi, walioanza kumiminika New York kuanzia miaka ya 1880 na wengi wakabanana Lower East Side, upande wa kusini wa Manhattan. Miaka ya 1930 jiji hili lilikuwa na deli za kosher zaidi ya 1,500, leo hii zilizobaki unaweza kuzihesabu, ndio maana ukienda moja usiende kwa pupa.

KWANZA: hakikisha ni kosher kweli

Hapa ndipo wengi wanapigwa chenga. Deli maarufu kuliko zote New York ni Katz's, ipo mtaa wa Houston na wenyewe wanahesabu kuanzia 1888, na watu wakirudi huko wanasema "nimekula kosher". Hapana. Katz's ni kile wanachoita staili ya kosher, yaani vyakula ni vya asili ileile ila masharti hayafuatwi, Jumamosi wako wazi na ukitaka chizi juu ya nyama wanakuwekea. Pastrami yao ni hatari, sikatai, nenda tu, ila ujue umeenda wapi. (Na pale mlangoni wanakupa kitiketi, kishike kama pasipoti maana ukikipoteza wana faini ya dola 50.)

Deli ya kosher kweli inakuwa na cheti dirishani au ukutani karibu na mlango, kina jina la rabi au taasisi inayowasimamia, na kina tarehe ya kuisha. Usione aibu kusimama ukakisoma, Wayahudi wenyewe wanakisoma. Ndani anakuwepo msimamizi anayeitwa mashgiach, kazi yake kuhakikisha jikoni hakuna kilichoingia kinyume. Njia ya mkato kama una haraka: angalia menyu, ukiona chizibaga au pastrami na chizi, hiyo sio kosher, hakuna mjadala.

Deli zenye jina la kweli ni kama 2nd Ave Deli, iliyofunguliwa 1954 na Abe Lebewohl, mhamiaji aliyenusurika mauaji ya Wayahudi Ulaya. Aliuawa na majambazi 1996, duka la zamani likafungwa 2006, mwaka uliofuata ndugu zake wakalifungua upya mtaa wa 33, kwa hiyo sasa jina linasema Second Avenue wakati haiko Second Avenue, usije ukazunguka unatafuta. Ukiwa Bronx kuna Liebman's ya Riverdale, tangu 1953, imetulia zaidi na watalii ni wachache.

PILI: siku na saa

Deli nyingi za kosher zinafungwa Ijumaa jioni mpaka Jumamosi usiku kwa ajili ya Sabato. Siku yao inaanza jua linapozama, na hili kwa mtu wa pwani halihitaji maelezo marefu, bibi zetu Alhamisi magharibi ikishaingia wanasema huu ni usiku wa Ijumaa. Wasabato pia wanaelewa bila kufundishwa. Sasa jambo la kuangalia ni msimu: Desemba huku jua linazama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo Ijumaa ya baridi deli inaweza kufunga hata saa nane mchana, na wewe umepanga lanchi ya kuchelewa, utakuta wanapiga deki. Piga simu kwanza.

Zipo chache zenye cheti ambazo zinafungua hata Jumamosi, 2nd Ave Deli ni mojawapo, na kwa sababu hiyo Wayahudi wenye msimamo mkali hawali pale. Kwa hiyo ukimwalika mfanyakazi mwenzio ambaye ni Myahudi wa dini, usimwambie "nimepata ya kosher, twende", mwache achague yeye.

Halafu kuna Pasaka yao, Machi au Aprili, siku nane mkate wa chachu hauliwi, na sandwichi bila mkate ni nini? Wengine wanafunga kabisa wiki hiyo.

TATU: sahau maziwa

Hiki ndicho kiini cha kila kitu, ukikielewa hiki menyu yote inajieleza yenyewe.

Tulikaa, shangazi akatoa shuka lake kwenye mabega, akaomba chai ya maziwa. Mimi nikamtafsiria mhudumu kwa kujiamini kabisa. Yule mzee akaniangalia, akamwangalia shangazi, akasema, "Mama, maziwa ya karibu yako mtaa wa pili." Nikadhani yamewaishia! Nikamwambia basi tuletee na siagi ya mkate. Akaweka daftari lake mezani akavuta pumzi, meza ya jirani wakaanza kucheka.

Torati inakataza kumpika mwana-mbuzi kwenye maziwa ya mama yake, imetajwa mara tatu, Kutoka sura ya 23 na ya 34, na Kumbukumbu la Torati 14. Marabi wakaweka uzio kuizunguka: nyama na vitu vya maziwa havipikwi pamoja, haviliwi pamoja, na vyombo vyake ni tofauti. Mgahawa wa kosher unachagua upande mmoja, ni wa nyama au ni wa maziwa. Deli imechagua nyama. Kwa hiyo ndani ya jengo lile hakuna maziwa, hakuna chizi, hakuna siagi, hakuna aiskrimu ya maziwa, hata keki imepikwa kwa majarini. Ukitaka kahawa nyeupe utaletewa krimu isiyo na maziwa, na maoni yangu binafsi ni kwamba kahawa kavu ina heshima zaidi.

Na hapa sikiliza vizuri wenye watoto: usiingie na chakula au kinywaji chako. Usiingie na kikombe cha kahawa ya maziwa uliyonunua njiani, usimtolee mtoto mtindi kwenye pochi ukaula pale mezani kwa kijiko chao. Kwako ni kijiko tu, kwao kijiko hicho kimeharibika na msimamizi ataitwa. Kama mtoto anatumia chupa ya maziwa waulize kwanza kwa upole, watakuambia cha kufanya.

Mayai, samaki, mboga na matunda hayako upande wowote, yanaitwa pareve.

NNE: kuagiza nyama

Ukisoma menyu utashangaa kwamba ni kidari, tumbo, ulimi, kidari tena. Steki ya fileti na sirloini ziko wapi? Sababu ni ile hadithi ya Yakobo kushindana mweleka mpaka akateguka nyonga, Mwanzo 32, tangu hapo mshipa wa paja hauliwi. Kuutoa ni kazi ya fundi tena ndefu, kwa hiyo Marekani wachinjaji wengi wa kosher hawajihangaishi, robo za nyuma wanaziuza kwa wasio kosher na wao wanabaki na ng'ombe wa mbele. Na ng'ombe wa mbele unamjua, kidari ni kigumu, ukikikaanga haraka unatafuna mpaka jioni. Ndio maana ufundi wote wa deli ni wa kulainisha nyama ngumu.

Pastrami ndiyo mfalme. Ni nyama ya tumboni au kidari, inalala siku nyingi kwenye maji ya chumvi na viungo, inapakwa pilipili manga na mbegu za giligilani nje mpaka iwe na gamba jeusi, inafukizwa moshi, halafu kabla ya kuliwa inakaa kwenye mvuke masaa mpaka inatetemeka. Wayahudi wa Romania ndio walikuja nayo, na kabla yao Waturuki walikuwa na nyama yao ya kukandamiza na kukausha. Mambo ya kabla ya friji, kama ng'onda na papa wa chumvi kwetu.

Corned beef ni ndugu yake ila haikupitia moshi wala gamba la pilipili, ni kidari cha maji ya chumvi kilichochemshwa, ladha yake ya upole. Ukiwa hupendi moshi anza nayo.

Sasa uagizaji wenyewe. Watakuuliza unataka isiyo na mafuta au yenye mafuta kidogo. Najua daktari alikuambia nini, ila siku hiyo moja sema yenye mafuta. Ile isiyo na mafuta inakauka, utalipa hela nyingi utafune kamba. Kama wanakata kwa kisu na sio mashine, ukiweza nenda ukasimame kaunta uone: jamaa anaitoa kwenye mvuke na uma mrefu, gamba jeusi linang'aa mafuta, anakata kukatiza nyuzi za nyama na sio kufuata nyuzi, kila kipande unene wa kama kidole cha mtoto, na vipande vinalegea vyenyewe kabla havijafika kwenye mkate. Nyingine ukimsalimia vizuri anakunyooshea kipande uonje. Onja, shukuru, weka dola moja au mbili kwenye kopo lake.

Mkate ni wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, una mbegu za kisibiti ndani, na ganda lake gumu kidogo linabeba uzito. Haradali ndio mchuzi wake. Usiombe mayonezi! Mayonezi haina maziwa, kisheria inaruhusiwa, hakuna atakayekufukuza, lakini kuomba mayonezi kwenye pastrami ni sawa na mtu kuja kwako Tanga akaomba tomato sosi kwenye wali wa nazi. Atapewa, ila atasemwa.

Na ukubwa jamani. Sandwichi moja ina nyama ya familia. Bei ni dola 25 kupanda, kwa hiyo watu wawili chukueni moja pamoja na supu, inatosha. Baadhi wanatoza hela kidogo ya kugawana sahani, imeandikwa chini kabisa kwenye menyu kwa herufi za sisimizi, bado inalipa. Sisi tuliagiza kila mtu yake kwa sababu kaka wa bongo akiwa na mgeni hawezi kuonekana anabana, matokeo yake mtayaona mwishoni.

TANO: vya pembeni

Ukikaa tu wanakuletea bure bakuli la matango ya achari na kabeji iliyokatwa. Matango yako ya aina mbili, ya kijani mbichi bado yanalia kwapu kwapu yana chumvi kidogo, na yaliyolala muda mrefu yamekuwa chachu kweli. Kula katikati ya matonge, yanakata mafuta kama ndimu na pilipili inavyokata kwenye mishikaki.

Supu ya kuku yenye donge la matza lazima uionje angalau mara moja. Matza ni mkate wao usiochacha, unasagwa, unachanganywa na mayai na mafuta ya kuku, linakuwa donge la kama chungwa linaelea kwenye supu nyepesi ya njano. Wenyewe wanaiita penisilini ya Kiyahudi, mtu akipata mafua anapelekewa hiyo. Shangazi alisema inakosa ndimu. Nakubaliana naye.

Knishi ni kama binamu mnene wa sambusa, gamba la unga ndani viazi vilivyopondwa. Latke ni viazi vilivyokunwa vikakaangwa kama chapati ndogo, hapa vinaletwa na rojo la tofaa kwa sababu ile krimu chachu ambayo watu huweka kwingine ni maziwa. Maini ya kusaga na vitunguu vya kukaanga na mayai, pakaza kwenye mkate, tamu sana ila nzito. Kishka ni utumbo uliojazwa unga na mafuta, Wakenya msiichangamkie mkidhani ni mutura, damu haimo hata tone, damu ndio mwiko wa kwanza.

Kinywaji cha kienyeji ni soda za Dr. Brown's. Kuna ya cheri nyeusi, nzuri. Kuna ya Cel-Ray, ya mbegu za selari, mimi nilikunywa nikahisi nakunywa supu yenye gesi, ila watu wanaipenda sijui niseme nini.

SITA: shangazi na swali la nani kachinja

Kabla hajatia kitu mdomoni aliniuliza, "Mwanangu, hii kachinja nani?" Swali zuri. Kachinja mtu anaitwa shochet, amesomea, anakata koo kwa kisu kikali mno ambacho lazima akipapase kama kina jino hata dogo, kikiwa na jino nyama inaharibika. Damu inatoka, kitimoto hakuna kabisa. Waislamu wengi huku wakikosa halali wanakula kosher kwa kuangalia Sura Al-Maida aya ya 5, chakula cha waliopewa Kitabu. Wengine hawali, kwa hoja kwamba shochet anatia dua mara moja mwanzo wa kazi na sio kwa kila mnyama. Muulize shehe wako, mimi mwandishi wa sandwichi tu. Pombe inaweza kuwepo, bia mara nyingi, na mvinyo unaingia kwenye baadhi ya michuzi, kwa hiyo uliza.

Usifikiri kosher na halali ni kitu kimoja. Ngamia kwetu halali, kwao hapana. Kamba, kaa, pweza na ngisi wote nje, samaki lazima awe na mapezi na magamba, Msabato anayekwepa kambale ameshaelewa, ni Walawi 11 ileile. Asiyekula nyama ana viazi, saladi na supu za mboga, ila kusema ukweli mtu huyo aende mgahawa wa kosher wa upande wa maziwa, atafurahi zaidi.

Adabu ndogo ndogo: ukiona sinki la pembeni na kopo la mishikio miwili, ni la kunawa kidini kabla ya mkate, ukinawa sawa, usipigie selfi. Kofia sio lazima kwako. Na mhudumu akikujibu kwa maneno makali usikasirike, huo ndio utani wao, mjibu naye atakuheshimu.

SABA: bili na masalio

Kodi ya New York kwenye chakula cha mgahawani ni asilimia 8.875, na bakshishi sio hiari kama kwetu, wanategemea asilimia 18 mpaka 20. Hesabu rahisi: zidisha kodi mara mbili, ongezea kidogo. Mkila vya dola 53, kodi ni dola 4.70, bakshishi acha 10, jumla 67.70. Angalia kwanza kama hawajaiweka wenyewe kwenye bili.

Kilichobaki omba ufungiwe, hakuna aibu, nusu ya watu wanatoka na mfuko. Nyumbani usitie maikrowevu, pastrami inakuwa ngozi ya kiatu. Chemsha maji kwenye sufuria, weka chujio juu, panga nyama, funika dakika kumi, mkate upashe pembeni kwenye kikaango kikavu. Asubuhi iliyofuata niliamka nikamkuta shangazi jikoni kwangu ameshafanya hivyo hivyo, kakamua ndimu juu, na pembeni ana kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, ya tangawizi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba. Yule mzee wako jana, hapa kwako hana neno?"